Maji Kwanza, Lami Baadaye: Utangulizi wa Uhandisi wa Miji ya Kaskazini Mashariki

Aprili 2024, msafiri aliyetoka Nairobi kwa barabara alifika Madogo, ng'ambo ya mji wa Garissa, akashushwa na mizigo yake. Lami aliyokuja nayo kutoka Thika ilikuwa nzima. Daraja la mto Tana nalo lilikuwa limesimama. Katikati, pale Kona Punda, barabara ilikuwa imezama, na wenye boti wakivusha watu juu yake. Tarehe 28 boti moja ilipinduka na watu wakafa maji kwenye barabara kuu ya kitaifa, mahali ambapo muda mfupi kabla malori ya ng'ombe yalikuwa yakipishana. Novemba ya 2023 njia hiyo hiyo ilikuwa imekatwa na maji vilevile.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wanafunzi wengi wanaojiunga na kozi ya uhandisi wa ujenzi huwa wamevutwa na daraja fulani waliloliona utotoni, na sina ugomvi na daraja. Lakini daraja la Garissa lilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni tuta la barabara, kalvati, na hesabu ya mahali maji yatakapopita yakishakosa nafasi mtoni, vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha. Ukitaka kuielewa fani ninayokukaribisha, simama Madogo kwa mawazo, ulitazame daraja usiloweza kulifikia, kisha ujiulize ni nani aliyepaswa kuliwazia jambo hilo, na mwaka gani.

Kwetu neno injinia humfaa yeyote anayeshika spana, kwa hiyo niseme wazi ninayemzungumzia. Ni yule anayeshughulika na vitu ambavyo mji mzima unavitumia na hakuna mmoja anayevimiliki: barabara, madaraja, mabomba ya maji safi, mabomba ya maji taka, mitaro ya mvua, masoko, jaa la taka. Vitabu huvigawa vitu hivyo katika sura mbalimbali, na chuoni kila sura ina mwalimu wake. Baada ya miaka mingi katika nchi hii ya joto na vumbi nimefikia imani moja, nayo ndiyo utakayoikuta chini ya kila somo linalofuata: katika mji mkavu, mhandisi anasomea maji. Lami, zege na chuma ni njia za kuyaongoza, kuyakwepa au kuyafikisha.

Huenda ukashangaa. Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi. Maji yako wapi? Yako matatu, na kila moja lina tabia yake.

La kwanza ni maji ya mgeni. Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kama kilomita 1,000, na chanzo chake ni Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Garissa iko mita 150 tu hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yanayoufunga mji huu mara nyingi yalinyesha juu ya mashamba ya chai ambayo wakazi wengi wa hapa hawajawahi kuyaona. Njiani yanapita mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kiambere ikafunga safu 1988. Mabwawa hayo hupunguza mafuriko madogo, na hilo ndilo linalomdanganya mtu. Mafuriko madogo yakipungua, watu hushuka kujenga na kulima karibu zaidi na mto. Kisha huja mwaka ambao Masinga imejaa hadi ukingoni, kama 2024, na maji hayana pengine pa kwenda ila chini. Mhandisi wa Garissa asiyekuwa na namba ya simu ya wasimamizi wa mabwawa amesoma nusu ya kazi yake.

Kuna kituo cha kupimia mto pale Garissa ambacho wanahaidrolojia hukiita 4G01. Jifunze kukipenda. Rekodi zake zilianza enzi za ukoloni, na bila hizo hakuna atakayekwambia kwa uhakika tuta la Madogo liwe na kimo gani. Kutoka kwenye rekodi za namna hiyo ndipo tunapopata maneno yanayowapotosha hata mawaziri: mafuriko ya miaka 100. Watu huyasikia wakadhani kwamba yakishakuja leo, wajukuu wetu ndio watakaoyaona tena. Maana yake ni kwamba kila mwaka, ukiwamo mwaka unaofuata, kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mto kufikia kimo hicho. Chukua kikokotoo. Uwezekano wa kutoyaona mafuriko hayo katika miaka 30 ya ajira ni 0.99 iliyojizidisha mara 30, yaani asilimia 74. Kwa hiyo mhandisi anayestaafu baada ya miaka 30 ana nafasi ya zaidi ya moja kwa nne ya kukutana nayo akiwa kazini. Ukijenga kalvati ya mafuriko ya miaka 50 ili kuokoa fedha, nafasi hiyo inapanda hadi asilimia 45. Hapo si mbali na kurusha shilingi hewani.

Wazee wanaikumbuka 1961, mwaka wa mafuriko ya Uhuru. Wenye umri wangu tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Kijana wa leo ana 2018, 2023 na 2024 peke yake. Orodha hiyo ikikutia shaka kwamba takwimu za zamani bado zinautabiri mto wa sasa, shaka yako ni halali, na ni mojawapo ya mambo yanayobishaniwa sana katika fani hii siku hizi. Mimi niko upande wa wanaosema tupandishe matuta na tuongeze idadi ya kalvati, tusubiri ubishi uishe baadaye.

Mto huohuo pia ndio bomba la mji. Maji ya Tana yanapofika Garissa yana rangi ya chai ya maziwa. Kila mwaka mto hubeba mamilioni ya tani za udongo. Maji hayo hayanyweki hadi yatiwe shabu ili tope lishikane na kuzama, yachujwe kwenye mchanga, kisha yatiwe klorini. Msimu wa mafuriko tope huongezeka kiasi kwamba shabu inayotumika kwa siku chache ingetosha wiki nyingi za kiangazi, na midomo ya pampu hufukiwa. Ndiyo sababu mji unaoogelea unaweza kukosa maji ya bomba. Hapo mikokoteni ya punda huibuka, kila mmoja na mitungi yake ya manjano ya lita 20, na bei hupanda. Nimewahi kuona michoro mizuri ya kioski cha maji, mabomba manne, paa, hata mahali pa kukaa, isipokuwa mchoraji hakuacha nafasi ya mkokoteni kugeuka. Wiki ya kwanza punda waligongana. Ya pili, wenye mikokoteni waliung'oa uzio.

Maji ya pili ni ya mtaani, na hapa nina dhambi ya kuungama.

Mvua chache zina hasira. Milimita 300 za mwaka hazigawanywi sawasawa; huanguka katika vipindi viwili, Gu kuanzia Aprili na Deyr kuanzia Oktoba, na ndani ya vipindi hivyo sehemu kubwa huja katika mawingu machache tu. Chukua bula moja, yaani mtaa, yenye eneo la hekta 40. Kabla haijajengwa, ardhi ya mchanga yenye vichaka ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya mvua. Tuseme ni sehemu mbili kwa kumi tu zilizotiririka. Mvua ya milimita 50 kwa saa ingetoa kama lita 1,100 kila sekunde, yaani mitungi 55. Jenga nyumba za mabati, weka ua wa saruji, kanyaga njia hadi ziwe ngumu, na sasa sehemu tano kwa kumi zinatiririka. Mvua ni ileile, bula ni ileile, lakini inayokuja sasa ni mitungi 139 kila sekunde. Hesabu hii, inayozidisha ukali wa mvua, eneo, na kizidishi cha hali ya ardhi, ina zaidi ya karne moja na ni ya darasa la mwaka wa pili. Kila mhandisi anaijua. Wachache huikumbuka siku ya kugawa bajeti.

Mimi sikuikumbuka. Katika miaka yangu ya mwanzo nilisimamia barabara ya mtaa, haifiki kilomita mbili, katika mojawapo ya miji ya huku. Tulilaza tabaka za maramu na kokoto juu ya njia ya zamani, tukashindilia, tukamwaga lami. Ilipendeza. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza, kwa nini barabara sasa ilikuwa juu ya vibaraza vya maduka kwa karibu nusu mita. Mitaro ya kando iliondolewa kwenye mkataba ili fedha zitoshe, na waraka ukasema itajengwa awamu ya pili. Katika maisha yangu nimeziona awamu za pili chache sana. Mvua ya kwanza ya Deyr iliteleza kutoka kwenye lami yangu na kuingia madukani, ikalowesha unga na sukari. Mama mmoja mwenye duka la nguo aliniona nikipita, akaniita kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Injinia, karibu chai. Umetujengea mto, sasa tujengee daraja."

Chai niliinywa. Tangu siku hiyo, nikipewa fedha za kilomita mbili bila mitaro, naomba nijenge moja yenye mitaro. Madiwani hawapendi kuambiwa hivyo, kwa sababu kilomita mbili huhesabika kwenye mkutano wa hadhara na mtaro hauhesabiki. Utaratibu sahihi ni wa kinyume na pupa: pima kwanza mji unainamia wapi, hata kama mwinamo ni wa kidole kimoja kwa mita kumi; chimba njia ya maji hadi mahali pa kumwaga; shusha barabara iwe chini ya milango; ndipo ulete lami. Kisha rudi kila Septemba kabla ya mvua, uzibue. Mti wa mathenge huota ndani ya mitaro kwa kasi ya ajabu, na mabaki ya miraa hufanya kizibo ambacho hakuna kiwanda kingeweza kukitengeneza vizuri zaidi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, kwa maoni yangu, iliwasaidia wahandisi wa mitaro wa Kenya kuliko semina zote walizohudhuria.

Sasa twende Wajir, kwa sababu maji ya tatu hayaonekani Garissa kama yanavyoonekana kule.

Wajir ni mji uliozaliwa na visima. Chini ya mawe ya chokaa yenye nyufa, mita chache tu kutoka juu, kuna maji, na kwa hiyo wafugaji walifika hapo na ngamia wao miaka mingi kabla serikali yoyote haijafika. Neema hiyo ndiyo mtihani wake. Chimba choo cha shimo na umeshafika kwenye maji anayokunywa jirani. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani na chini yake kubaki mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Katika ploti ndogo za Wajir kanuni hizo mbili haziwezi kutimizwa pamoja. Ndiyo maana kwa miongo mingi mji huo ulitumia vyoo vya ndoo, vinavyomwagwa kwa mkono, na ndiyo maana kipindupindu kimeutembelea mara kwa mara. Mtu wa mbali huona ndoo akasema watu hawa hawajastaarabika. Mhandisi anaona suluhisho la busara kwa tatizo la kijiolojia, lililozidiwa na idadi ya watu.

Kwa nini wasilaze mabomba ya maji taka? Swali zuri. Bomba la maji taka huenda kwa mteremko, na Wajir ni tambarare kama meza. Ukishalaza bomba lenye mteremko wa kutosha, baada ya mita mia kadhaa uko ndani ya maji ya ardhini: mtaro unajaa unapochimbwa, na kiungo kikivuja, kinavuja kuingia kisimani. Unahitaji pampu, pampu inahitaji umeme, na umeme unahitaji mtu wa kuulipia kila mwezi. Garissa, ambako ardhi ni tofauti na mto uko pembeni, mabomba ya maji taka yameanza kuingia mitaani. Wajir bado inatafuta jibu lake, na si ajabu likawa vyoo vilivyofungwa chini na magari ya kunyonya, pamoja na mahali pazuri pa kusafishia, badala ya kunakili michoro ya Nairobi.

Hapa nakuletea mgeni wa mbali anayestahili kujulikana Wajir. Henry Darcy alizaliwa Dijon, Ufaransa, mwaka 1803, akawa mhandisi wa serikali mjini mwake. Maji ya Dijon yalikuwa machafu. Darcy alitafuta chemchemi ya Rosoir, akajenga mfereji uliofunikwa wa zaidi ya kilomita 12, na mwaka 1840 maji safi yakafika mjini kwa mteremko peke yake, bila pampu hata moja. Hiyo pekee ingetosha kuwa kazi ya maisha. Ila alikuwa na swali lililomkera: mchanga wa kuchujia maji unayapitisha kwa kasi gani? Akajaza mchanga kwenye bomba lililosimama wima, akapima, na mwaka 1856 akachapisha majibu ndani ya kitabu kikubwa kuhusu chemchemi za umma za Dijon, karibu kama nyongeza. Kanuni aliyoiona ni fupi: kasi ya maji ndani ya mchanga huongezeka kwa kadiri ya tofauti ya kimo, na hupungua kadiri njia inavyorefuka. Kila anayekokotoa leo kisima cha Garissa kandoni mwa Tana kitatoa maji kiasi gani, au uchafu wa choo utachukua siku ngapi kukifikia kisima, anaanzia kwa Darcy, hata akilazimika kuirekebisha kanuni pale penye nyufa za chokaa. Kinachonipendeza ni kwamba sayansi nzima ya maji ya ardhini ilitoka kwa mtumishi wa umma aliyekuwa akishughulikia mabomba ya mji mdogo.

Kanuni hiyohiyo inafika Dadaab. Kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza 1991 na 1992 zikikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na vita vya Somalia, waliokuwamo walipita 400,000. Garissa yenyewe, katika sensa ya 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 160,000. Kwa hiyo mji mkubwa kuliko makao makuu ya kaunti ulikuwa ukiishi kwa visima virefu vinavyochota hifadhi ya Merti, ulimi wa maji matamu chini ya ardhi uliozungukwa na maji ya chumvi. Vuta kwa pupa, chumvi inasogea. Wahandisi wa pale walijenga mji bila kuruhusiwa kuuita mji, na wengi wa ninaowaheshimu katika kazi hii walikomaa huko.

Kufikia hapa nimezungumza kana kwamba uhandisi ni mwinamo na mchanga tu. Ningekuwa nakudanganya. Swali la barabara ipi ijengwe halijibiwi na mashine ya kupimia.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao namba 10, uliosema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule zitakakoleta mazao makubwa zaidi haraka: kwenye ardhi nzuri na mvua, kwenye usafiri na umeme tayari. Soma orodha hiyo ukiwa Mandera. Juu yake weka hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini 1963 na kuondolewa 1991 tu, ambapo kuvuka daraja la Tana kulikuwa jambo la kueleza kwa askari. Ndipo utaelewa kwa nini mzee wa Wajir akikutana na mtu aliyetoka Nairobi alimuuliza habari za Kenya, kana kwamba yeye yuko nje yake. Katiba ya 2010 iligeuza waraka ule kichwa chini: kifungu cha 204 kiliunda Mfuko wa Usawazishaji, asilimia nusu ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Jedwali la Nne likazipa kaunti maji, usafi na mitaro ya mvua ya mijini. Baada ya kaunti kuanza 2013 ndipo mitaa ya Wajir na Mandera ilipoona lami yake ya kwanza, nusu karne baada ya Uhuru.

Wahandisi wenzangu hupenda kujitoa katika historia hiyo. Husema wao walihesabu tu. Basi tuone walivyohesabu. Ili barabara ionekane ina faida, unahesabu magari yanayopita, unaingiza kwenye programu, programu inatoa faida ya muda na mafuta yatakayookolewa. Barabara ya Isiolo, Modogashe, Wajir hadi Mandera ina zaidi ya kilomita 700. Kwa miongo mingi ilikuwa mchanga na mawe, lori likitumia siku kadhaa, na mvua ikinyesha likitumia wiki. Bila shaka magari yalikuwa machache! Huwezi kusimama ukingoni mwa mto usio na daraja ukahesabu wanaovuka, kisha ukaandika kwamba daraja halihitajiki. Ng'ombe na ngamia wanaokwenda soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, hawakuwa na safu yao kwenye fomu. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa njia hiyo, pamoja na nyaya za mawasiliano kando yake. Mto haukubadilika wala mchanga. Kilichobadilika ni fomu.

Kuhusu njia ya ajira nitakuwa mfupi, maana utaipata kwenye tovuti yoyote ya chuo. Ukihitimu, unajiandikisha na Bodi ya Wahandisi wa Kenya kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi angalau miaka mitatu chini ya mwenye uzoefu, unatetea kazi zako, ndipo unaruhusiwa kuandika Mhandisi mbele ya jina lako na kutia sahihi inayoweza kukufikisha mahakamani. Unaweza kuingia mamlaka ya barabara kuu, ya mijini au ya vijijini, zote tatu zikiwa zimezaliwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Unaweza kuingia manispaa. Mhandisi Mahboub Maalim alipita katika wizara ya maji kama katibu wa kudumu, kisha akaiongoza jumuiya ya kikanda ya IGAD kwa zaidi ya miaka 10 kuanzia 2008. Kwa hiyo mabomba yanaweza kukufikisha kwenye meza za marais. Wengi wetu hayatufikishi huko. Yanatufikisha kwenye saiti saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa adui wa zege, tukibishana na foromani kuhusu mchanga wenye chumvi.

Nakushauri manispaa, walau kwa miaka mitano. Kisheria Garissa si jiji: tangu sheria ya miji ilipobadilishwa 2019, jiji linahitaji watu 250,000. Udogo huo ni bahati kwa anayejifunza. Katika mji wa namna hii mhandisi mmoja anaweza kulijua bomba kutoka mtoni hadi bombani kwa mama wa duka la nguo, na makosa yake yote yako umbali wa kutembea. Utajifunza pia mambo ambayo hayamo kwenye silabasi: kusoma hati ya malipo ya mkandarasi na kugundua kokoto ambazo hazikufika, kumwambia gavana hapana bila kumvunjia heshima, kupanga kazi kwa saa za swala na mwezi wa Ramadhani. Utajifunza kuweka usalama kwenye makadirio kama unavyoweka saruji. Kwenye barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa, wafanyakazi wa ujenzi wameshambuliwa na Al-Shabaab, na mhandisi anayetuma vijana wa kupima ardhi asubuhi anabeba roho zao hadi jioni.

Kuna mambo makubwa yanayoendelea ambayo mtu wa kizazi changu hakuyaota. Nje kidogo ya mji, tangu Desemba 2019, kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati zaidi ya 50, paneli zaidi ya 200,000 juu ya hekta 85 za ardhi ambayo Waraka namba 10 ungeiona haina thamani. Jua lililokuwa laana ya zege letu sasa linaingia kwenye gridi ya taifa. Swali la pampu za Wajir, la nani atalipia umeme, linaanza kupata sura nyingine, na huenda wewe ndiye utakayelijibu.

Somo la kwanza halifanyiki darasani. Deyr huanza Oktoba. Njoo Garissa wiki moja kabla, na buti za mpira, daftari lisiloharibika kwa maji, na futi kamba ya mita 50. Tutaanzia Kona Punda, tutatafuta taka zilizonasa kwenye miti ya miba tangu 2024, na tutapima zilifika kimo gani juu ya lami.